Hogo, Masika na Watoto Watatu Nyumbani

Swali hili huulizwa mlangoni. Mzazi ameshapokea karatasi yenye tarehe ya kurudi, ameshambeba mtoto, mguu wake mmoja uko nje ya chumba cha kufungia hogo, ndipo anapogeuka na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi: “Sista, tunaweza kutoka naye?” Katika miezi ya masika swali hilo huja na mwenzake: “Na hii mvua, je?”

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa fupi. Asilowe, asianguke, akae nyumbani. Ni jibu salama kwa yule anayelitoa. Halielezi, hata hivyo, mtoto wa miaka mitano atafanya nini nyumbani kwa wiki tano, wala ndugu zake watafanya nini wakati wanamngoja apone. Upungufu huo sikuujua kazini. Niliujulia sebuleni kwangu.

Mwanangu wa kati alivunjika mifupa yote miwili ya kigasha katikati ya Aprili. Alikuwa amesimama juu ya ukuta mfupi wa kibaraza, dada yake wa miaka minane akimfukuza kwa mchezo, na saruji imelowa. Akateleza, akadondoka huku amenyoosha mkono. Mtoto anayeanguka hutanguliza mkono ili aidake ardhi, na ndiyo sababu kigasha, hasa sehemu iliyo karibu na kifundo cha mkono, kinaongoza kwa kuvunjika miongoni mwa watoto. Mifupa yake iliwekwa sawa bila upasuaji, akafungwa hogo kutoka juu ya kiwiko hadi kiganjani, nasi tukarudi nyumbani kwenye mvua.

Jumamosi ya kwanza hatukutoka, na tulifanya vyema, kwa sababu nitakayoieleza. Jumamosi ya pili pia hatukutoka, na hapo ndipo nilipokosea. Mvua ilipiga bati tangu alfajiri. Kufikia saa nne, mdogo wao wa miaka miwili alikuwa ameshamwaga uji mara mbili. Kufikia saa sita, mwenye hogo alikuwa ameshauweka mto sakafuni na kuanza kuruka kutoka kitandani. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Mfupa ulisalimika, hogo likapasuka penye kiwiko, na Jumatatu nikajikuta nimepanga foleni katika kliniki ninayofanyia kazi, nimemshika mtoto aliyeumia chini ya uangalizi wa muuguzi wa mifupa. Wenzangu hawakusema neno. Nyuso zao zilitosha.

Lakini lililonisumbua zaidi ni binti yangu. Tangu siku ya ajali alikuwa amepungukiwa maneno. Hakuligusa hogo, hakuchora kitu juu yake kama walivyofanya watoto wa jirani, na mdogo wake alipolia usiku, yeye alijifunika shuka gubigubi. Nilidhani ni uchovu wa shule. Shangazi yake ndiye aliyeniambia: “Huyu mtoto anaamini ndiye aliyemvunja mwenzake, na ninyi kila siku mnamwonyesha kwamba nyumba nzima imefungwa kwa sababu yake.”

Tangu hapo nimebadili jibu ninalotoa mlangoni. Mtoto aliyevunjika mkono, akishapita siku za hatari, hufaidika na matembezi yaliyopangwa vizuri, na ndugu zake hufaidika vilevile. Kumfungia ndani si kumlinda. Mtoto mwenye nguvu zisizo na kazi hutafuta pa kuzitumia, na nyumba yenye vitanda, makochi na sakafu iliyolowa haina usalama wowote wa pekee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na matibabu katika mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Sikumbuki kuona mahali ilipoandikwa kwamba haki hiyo husimama mtoto anapofungwa hogo.

Siku za kungoja

Jumamosi ile ya kwanza ilikuwa siku ya tatu baada ya ajali. Katika siku mbili tatu za mwanzo kiungo kilichovunjika huvimba, na hogo, ambalo kazi yake ni kutotanuka, halikipi nafasi. Uvimbe ukizidi, mgandamizo hupanda ndani ya misuli mpaka damu inashindwa kupita katika mishipa midogo. Misuli iliyokosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa, na misuli iliyokufa hairudi. Hubaki kovu linalovuta vidole vikajikunja daima. Richard von Volkmann, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliueleza ulemavu huo mwaka 1881, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Sisi tunauona pia kwa watoto waliofungwa vipande vya mianzi au miti kwa kukazwa mno kabla ya kuletwa hospitali. Sisemi hivi ili kuwabeza waunga mifupa wa jadi, maana wako wanaojua kulegeza. Nasema kwa sababu kinachoua misuli ni kukaza, awe aliyekaza amevaa koti jeupe au hakulivaa.

Nilimhudumia mtoto mmoja aliyepelekwa arusini siku ya pili baada ya kufungwa hogo. Familia haikuwa na uzembe wowote. Arusi ilikuwa ya mama yake mdogo, mvua ilinyesha, wakakaa chini ya turubai hadi usiku, na mkono wa mtoto ukaning'inia ubavuni kwa saa nyingi kwa sababu kile kitambaa cha kuushikilia shingoni kilikuwa hakifanani na nguo za sherehe. Alianza kulia wakati wa chakula. Wakampa soda. Akalia tena, wakasema amechoka na makelele. Alipewa dawa ya maumivu mara mbili, akaendelea kulia, kisha akanyamaza, nao wakashukuru. Asubuhi vidole vilikuwa baridi na mtoto havihisi. Mkono ule umebaki na ukakamavu ambao mazoezi ya miaka miwili hayajaumaliza.

Ninaisimulia habari hii kila wiki, kwa sababu inabeba yote ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla hajatoka. Mkono huinuliwa juu ya usawa wa moyo katika siku za mwanzo, juu ya mito akilala na kifuani akiketi. Vidole hutazamwa mara kwa mara: viwe na joto, viwe na rangi yake ya kawaida, viweze kukunjwa na kukunjuliwa. Ukucha ukibanwa mpaka uwe mweupe na kuachiwa, rangi irudi ndani ya muda wa kuhesabu moja, mbili. Mtoto mdogo hawezi kusema “nahisi ganzi”. Atakuambia kwa njia nyingine. Atahangaika, atakuwa na wasiwasi usiotulizika, na atahitaji dawa ya maumivu zaidi kuliko jana wakati alipaswa kuhitaji kidogo zaidi. Akipiga kelele mtu mwingine anapomnyooshea vidole taratibu, safari yoyote imekwisha. Kilichobaki ni safari ya kwenda kituo cha afya kilicho karibu, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Na kunyamaza kwa ghafla baada ya kilio kirefu kusichukuliwe kuwa nafuu mpaka vidole vimetazamwa.

Kwa wenzangu walio katika zahanati na vituo vya afya: mtoto wa namna hiyo asitumwe mbele na hogo lake likiwa zima. Lipasueni kwa urefu wake wote, pamoja na bandeji na pamba iliyo chini yake, mpaka ngozi ionekane kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono uwe katika usawa wa moyo, ndipo rufaa iandikwe. Mfupa uliohama unaweza kurudishwa kesho. Misuli haiwezi.

Maji na jasi

Hogo la kawaida ni jasi, madini yale yale yanayochimbwa Makanya mkoani Kilimanjaro na sehemu za Kilwa, na ambayo viwanda vyetu huyachanganya katika saruji ili isigande upesi kupita kiasi. Jasi ikiokwa hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyomo na kuwa unga. Unga huo ukipakwa katika bandeji na kuloweshwa, huyanywa maji upya, hupata joto, na kuganda. Mtindo huo ulienezwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwanzoni mwa miaka ya 1850, na haujabadilika sana hadi leo.

Joto ambalo mtoto hulilalamikia dakika chache baada ya kufungwa ni la kawaida na hupita. Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kuganda si kukauka. Hogo hushika katika dakika chache, bali hukauka kwa siku mbili hadi tatu, na katika hewa ya masika ya pwani, ambayo hata shuka hugoma kukauka kambani, huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Katika muda huo huachwa wazi, likilazwa juu ya mto, bila kufunikwa na chochote. Lisikaushwe kwa jiko la mkaa wala pasi: hukauka nje, likabaki bichi ndani, na ngozi ikaungua mtoto asijue kueleza.

Likishakauka, matone machache hayaliharibu. Likilowa hasa, hulegea na kuacha kuishikilia mifupa, na pamba iliyo ndani hukaa na maji dhidi ya ngozi kwa siku nyingi, ikaichubua na kunuka. Wapo watoto wanaofungwa hogo la nyuzi za kioo, jepesi na lisiloogopa maji, na wazazi wao hudhani wamesalimika. Pamba ya ndani ni ile ile. Hogo lililolowa, la aina yoyote, hurudishwa hospitali.

Basi utalifunika kwa nini mvua inaponyesha? Zamani tungesema rambo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, ushauri huo umebaki katika vipeperushi tu. Lakini nyumba yenye mtoto mdogo mara nyingi ina kipande cha ule mpira ambao mama aliununua kwa mita alipokwenda kujifungua, umekunjwa mahali kabatini. Kateni kipande, kizungusheni, kifungeni juu na chini kwa kitambaa laini, kisibane. Nayo ni kinga ya njiani tu. Mkifika penye paa, kitoeni mara moja, kwani jasho la mtoto chini ya mpira hulilowesha hogo sawasawa na mvua.

Koti la mvua livaliwe mkono mzima ndani ya mkono wa koti, na mkono wenye hogo ubaki ndani, kifuani, katika kitambaa chake. Kanga kuukuu iliyokunjwa pembe tatu hufanya kazi hiyo vizuri kuliko vitambaa vingi vinavyouzwa.

Makumbusho

Jumamosi ya tatu nilitaka mahali penye sifa chache: paa tangu mlangoni hadi mlangoni, pa kuketi, choo cha karibu, na kitu ambacho mtoto anaweza kukifanya kwa mkono mmoja bila kuonewa huruma. Ufukwe haukufaa hata kama jua lingewaka, maana mchanga ukiingia ndani ya hogo hausikii maombi. Husugua ngozi mpaka kidonda. Viwanja vya michezo ya watoto vyenye mabembea na matelezo havikufaa pia. Nikachagua Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jengo ambalo mamia ya watu hulipita kila siku bila kuingia.

Kabla ya kuondoka nilisikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Siku ya tahadhari ya mvua kubwa hakuna matembezi, iwe yamepangwa vipi. Jiji letu lina mitaro isiyo na vifuniko, na maji yakishafunika barabara hujui penye shimo. Siku ile ilikuwa mvua ya kawaida, ile inayonyesha, ikapumzika, ikakumbuka. Bodaboda sikuifikiria. Katika daladala tulimketisha dirishani, mkono wenye hogo upande wa ukuta wa gari ili wapitao wasiugonge, na katikati ya hogo na chuma nikaweka kanga iliyokunjwa. Dawa ya maumivu, kwa kipimo cha uzito wake, alikuwa hajaihitaji tangu Jumatano, nami niliibeba hata hivyo.

Binti yangu nilimpa kazi. Nilimfundisha nyumbani jinsi ya kubana ukucha na kuhesabu, jinsi ya kushika vidole vya mkono mzima na vya mkono mgonjwa kwa pamoja na kulinganisha joto. Nikamwambia kwamba kila tukifika mahali papya, yeye ndiye atakayetazama, kisha ataniambia. Aliniuliza kama akikosea mkono utakatika. Nikamwambia nitatazama pia, baada yake. Mara ya kwanza, kituoni, alivigusa vile vidole kama mtu anayegusa kaa la moto.

Sakafu ya makumbusho hung'aa, na viatu vilivyolowa juu ya sakafu kama hiyo ni hatari kuliko ukuta wa kibaraza. Nilifuta nyayo za wote watatu kwa kitambaa mlangoni, jambo lililomfurahisha mlinzi. Kwanza tulitazama magari ya zamani yaliyotumiwa na viongozi wa nchi. Mdogo wao alitaka kuendesha. Baadaye tukafika katika ukumbi wa chimbuko la binadamu, na hapo tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kuna nakala ya nyayo za Laetoli. Miaka milioni 3.6 iliyopita, viumbe waliotembea wima walikatiza katika jivu la volkano lililokuwa limenyeshewa, jivu likaganda kama saruji, na nyayo zikabaki mpaka zilipofukuliwa na timu ya Mary Leakey katika miaka ya 1970. Katika lile jivu kumeonekana hata alama za matone ya mvua. Mwanangu alilielewa jambo hili upesi kuliko watu wazima ninaowajua. “Mvua ilinyesha, halafu ikawa hogo,” alisema, akiligonga la kwake kwa vidole.

Kisha tukasimama mbele ya fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilikuta Oldupai mwezi Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Mwongozaji, kijana mpole, aliwaeleza watoto kwamba halikukutwa zima. Lilikuwa vipande mamia, vikachambuliwa katika udongo na kuunganishwa kimoja kimoja, kazi iliyohitaji subira kubwa.

“Nani alilivunja?” aliuliza binti yangu. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu tuingie.

“Hakuna aliyelivunja, mwanangu. Udongo ulilielemea, na miaka mingi.”

Alilitazama fuvu kwa muda. Akauliza kama liliuma lilipokuwa linaunganishwa. Mwongozaji akasema mwenyewe alikuwa ameshafariki zamani. Nikamwona anafikiri. Kisha, bila kuambiwa, akamshika mdogo wake mkono, akabana ukucha wa kidole gumba na kuhesabu kwa sauti mbele ya watu wote.

Tulikaa saa moja na nusu tu. Mtoto mwenye hogo huchoka upesi kuliko anavyokubali, kwa kuwa mzigo ule una uzito na mwili wake unafanya kazi ya kujenga mfupa. Aliyepanga matembezi ya siku nzima atarudi na watoto watatu wanaolia badala ya mmoja. Tulikula chapati tulizobeba, tukiwa tumeketi kwenye benchi, mvua ikimwagika nje, na kurudi kabla ya msongamano wa jioni.

Mahali pengine

Si kila msomaji yuko Dar es Salaam, na si kila mkazi wa Dar es Salaam ana nauli ya watu wanne. Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967, ina sehemu ya watoto, na vitabu hushikwa kwa mkono mmoja bila taabu. Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 imewapa baadhi ya wazazi wangu wa kliniki matembezi ambayo watoto hawayasahau: viti, vyoo, dirisha kubwa, na mvua inayokimbia upande wa pili wa kioo. Hilo ni la wenye uwezo, na la baada ya wiki ya pili.

Vijijini, matembezi bora niyajuayo ni kwenda kwa bibi. Jiko la bibi lina paa, lina moto wa kuotea kwa mbali, lina hadithi, na lina kazi. Mtoto wa mkono mmoja anaweza kuchochea uji uliopoa, kuhesabu mayai, kumwita kuku jina. Angalizo langu ni moja, na huwachekesha akina bibi mpaka yawakute: asikabidhiwe kuchambua maharage wala kupukuchua mahindi bila macho ya mtu mzima. Nimetoa ndani ya mahogo maharage, shanga, kifuniko cha kalamu, vijiti vya kukunia, na mara moja senti ya zamani iliyokuwa imeshaacha kidonda cha umbo lake. Mahali panapowasha pasichokonolewe kwa kijiti na pasimwagiwe unga wala mafuta. Pigapiga hogo kwa nje, au pepea hewa ya baridi kwenye ukingo wake. Chandarua kisisahaulike mkilala huko, kwa kuwa baada ya mvua mbu ni wengi, na mtoto mwenye mkono mmoja hawezi kujipiga kofi kila anapoumwa.

Aliyevunjika mguu ana mambo yake. Magongo hayamfai mtoto wa chini ya miaka sita. Hana uratibu wa kuyatumia, na ncha zake zikilowa huteleza. Atabebwa. Mwenye hogo la nyonga, lile linaloshika kiuno na paja, habebeki mgongoni, na familia nyingi humlaza chumba cha ndani kwa wiki sita akitazama dari. Baba mmoja aliniambia aliazima mkokoteni wa muuza maji, akautandika godoro, akafunga mwavuli, na kila mvua ilipokatika alimsukuma binti yake hadi kibarazani kwa mafundi cherehani, akamwacha huko asubuhi nzima akisikiliza umbea. Sijawahi kuandika katika cheti ushauri mzuri kuliko huo.

Aliyegonga kichwa, aliyeungua na mwenye kidonda kibichi wana masharti tofauti. Kwao jibu liulizwe kwa anayewatibu, si katika makala hii.

Kwa wenzangu naongeza neno. Maelekezo tunayotoa wakati wa kuruhusu wagonjwa yamejaa “asi”: asilowe, asicheze, asikimbie. Mzazi huondoka na orodha ya makatazo na mtoto anayekua. Tukiwa na dakika mbili, tuulize kuna watoto wangapi nyumbani na nani alikuwepo ajali ilipotokea, kisha tutaje kitu kimoja anachoruhusiwa kufanya. Ndugu aliyeshuhudia akiwa amesimama pale mlangoni, aonyeshwe yeye jinsi ya kutazama vidole. Watoto wa miaka saba na minane hujifunza upesi, na ninavyoona, hawasahau zamu.

Hogo la mwanangu lilitolewa mwishoni mwa Mei, baada ya wiki sita. Mkono ulitoka mwembamba, wenye vinyweleo vingi na ngozi inayobambuka, nao ulinuka; yote hayo ni kawaida, na maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha. Kiwiko kilikuwa kigumu, kikalegea chenyewe kwa mchezo wa kila siku bila kunyooshwa kwa nguvu. Tuliambiwa asipande juu ya kitu wala kuruka kwa wiki kadhaa zaidi, kwa kuwa kigasha kilichoungwa karibuni huweza kuvunjika tena palepale. Ukuta wa kibaraza tumeupandishia matofali. Dada yake bado humbana ukucha kila wakishuka katika daladala, na mwenyewe humnyooshea kidole bila kuulizwa.